Kilomita ya Ishirini na Tatu

Watu wengine ukiwauliza babu yao alilima wapi, watakutajia kilima, watakutajia msitu, watakutajia jina la chifu aliyewapokea. Sisi watoto wa reli tulitajiwa nguzo. Babu yangu mzaa baba alilima, akazeeka, akafa na kuzikwa kwenye kilomita ya ishirini na tatu, mbele ya Kamina. Basi. Ndivyo baba alivyotuambia tangu tulipoanza kusikia maneno, na hakuna aliyethubutu kumwomba aongeze neno.

Babu alikuwa mtu wa Kasai. Alikuja Katanga miaka ile ya ishirini, reli ilipokuwa ikitandazwa, akiwa na mtoto wake wa kiume aliyekwisha kuota ndevu, ndiye baba yangu. Walibeba mataruma ya reli mabegani mpaka Kamina, wakaipita Kamina, na reli ikawa inaelekea kwao Kasai. Kila siku ilikuwa inawasogeza karibu na nyumbani. Hapo ndipo babu aliposema imetosha, akashuka, akawaomba wenyeji ardhi, akapewa. Mpaka leo sielewi. Mtu njia inajengwa mbele ya macho yake, inampeleka kwao bila nauli, naye anakaa chini katikati ya safari na kupanda muhogo! Nilimuuliza baba mara moja tu sababu. Akasema, "Udongo ulimupendeza," kisha akaniambia nikaangalie maharagwe jikoni.

Alilima miaka minane, muhogo na mahindi, akilisha kambi za wafanyakazi wa reli. Kila mavuno alipeleka kikapu cha kwanza kwa mwenye nchi, kama inavyompasa mgeni. Na kila alichokipanda alikipanda kwa kamba, ile ya kunyooshea reli, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea hivyo. Baba alioa hapo hapo, na mimi nikazaliwa hapo hapo. Babu alipokufa, baba akaingia kazi ya kudumu kwenye reli, akapelekwa Elisabethville kubadili njia za treni, na mimi nikaondoka mgongoni kwa mama bila kukumbuka hata jani moja. Kwa hiyo ardhi ile nilizaliwa juu yake na sikuwa naijua. Shuleni mtawa alipotuuliza kila mmoja kwao ni wapi, nilisema, "Kilomita ishirini na tatu." Darasa zima likacheka, na mtawa akaandika Kasai.

Katikati ya miaka ya hamsini zamu ya baba ya kustaafu ilifika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa zamani kati ya mabehewa mawili na haukupona sawasawa. Na mtu wa kambi ya reli akiacha kazi, nyumba anaiacha pia. Anaingia mwingine, kama yeye alivyoingia. Tulipewa mpaka mwanzo wa mvua. Mama alikuwa ameshafariki. Sisi watoto tulikuwa watatu, wote wa kike, wote kwa waume, na baba aliapa kwamba hatalala kwenye nyumba ya mkwe hata nyoka wangekuwa wamelala kitandani mwake. Kasai hakutaka kusikia. Huko, alisema, tunaowajua ni makaburi tu, na walio hai watatuita waliopotea. Huku mjini tunaitwa wageni. Mahali pamoja tu duniani aliwahi kupewa ardhi, napo ni pale kwenye nguzo.

Alikuwa bado ana wiki za kazi, kwa hiyo akanituma mimi, kifungua mimba wake. Mume wangu, fundi cherehani, mtu mpole kupita kiasi, alisema niende tu. Baba alinishika mkono mlangoni.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo baba wa kwetu anavyomwita binti yake, "utauliza neno moya tu. Mutoto ya ule mugeni, anaweza kurudia? Na ungoe majani kwa kichwa ya kambo yako. Asikuone umefika mikono mitupu." Kambo kwetu ni babu, na kichwa ni upande wa kichwa wa kaburi lake.

Nilifika Kamina asubuhi, mgongo umekufa ganzi. Nilitakiwa kufikia kwa rafiki wa zamani wa baba, ambaye walibeba mataruma pamoja, na sasa alikuwa mlinzi wa njia za treni pale stesheni. Yeye alikuwa zamu. Mke wake akanipa maji ya kuoga, akasema, "Kaa, mwana. Bwana atarudia jioni, atakupeleka yeye mwenyewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Mimi na kukaa hatujawahi kupatana. Nilivua viatu vya mjini, nikafunga kikwembe kizuri, nikarudi stesheni. Pale nikakuta kikosi cha matengenezo kinapanga makoleo juu ya kitoroli chao cha kusukuma kwa mikono.

"Baba," nilimwambia kapita, msimamizi wao, "munafika kilomita ishirini na tatu?"

"Njo kwenye tunaenda. Panda."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wanaume wanne walisukuma ile mikono ya chuma juu na chini, jua la asubuhi likinichoma usoni, na mimi nimekaa juu ya mifuko kama bibi harusi. Niliangalia kila kitu kwa macho makali ili nikamsimulie baba. Kokoto zilikuwa nyeupe, hazina hata jani. Nguzo za kilomita zilikuwa za saruji mpya, tarakimu zake zimepakwa rangi jana au juzi. Nikasema moyoni, reli yetu inatunzwa vizuri. Mtoto wa reli, niliyekua nikisikia reli mchana na usiku, ndivyo nilivyosema!

Kijiji kilikuwa hatua chache kutoka kwenye nguzo, nyumba kama kumi na tano. Mwenye nchi alikuwa amekufa mwaka uliopita na wanaume walikuwa bado wanabishana nani arithi. Kwa hiyo maneno ya ardhi yalikaa kwa dada yake, mama mzee mwenye mikono mirefu, ambaye nilimkuta akimenya muhogo nyuma ya nyumba na kuvuta ugoro katikati ya kila mzizi. Nilipiga magoti na kupiga makofi ya salamu. Hakusimamisha kisu.

"Weye njo nani?"

"Mama, minyi niko mutoto ya mutu alilimaka hapa zamani. Kambo yangu alikuwa mugeni, mutu ya Kasai. Alikufia hapa."

Kisu kikasimama. "Mutu ya Kasai."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuya na reli?"

Niliona ajabu ya swali. Aje na nini tena? "Alibebaka reli," nilisema. "Halafu akaomba udongo."

"Ule wa kwetu alikuya na miguu." Alinitazama. "Alikuwa yeye moya tu. Hakuna bibi, hakuna mutoto."

Hapo moyo wangu ulichanganyikiwa kwa mara ya kwanza. Baba yangu alilima pale miaka minane, akaoa pale, akazaa pale, na mama huyu hamkumbuki? Nilijibu kwamba bibi alifia Kasai, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba mwana alikuwa anaenda na kurudi kwenye kazi za reli, ambayo haikuwa kweli. Nilijiambia mama amezeeka, na wazee husahau vijana. Akaendelea kumenya.

"Alikuwa anasuka vikapu muzuri," alisema.

Sikuwahi kusikia kwamba babu alisuka kikapu. Kwetu hakukuwa na kikapu kimoja cha babu wala hadithi ya kikapu. Nikafungua kinywa na kusema, "Ndiyo, Mama. Vikapu. Baba anatuambiaka kila siku."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza miaka mingi. Nadhani niliogopa kurudi Elisabethville na neno "hapana". Nilimwona baba amesimama nje ya nyumba ya kambi na godoro lake kichwani, na ulimi ukakimbia mbele yangu.

Mama mzee alitupa kisu kwenye karai, akasimama, akaita kwa Kiluba sauti ya kusikika mpaka mashambani. Wanawake wakatoka wakipiga vigelegele. Mmoja alinikumbatia huku analia, na mimi simjui. Nilielezwa nikiwa tayari naburutwa njiani. Mgeni yule alikufa kwa homa, hana ndugu, hakuna aliyejua amtumie habari nani. Walimzika wao. Lakini mfu asiye na wa kwao wa kung'oa majani kichwani ni mzigo kwa waliomzika. Mvua ikichelewa, ni yeye. Mtoto akiharisha, ni yeye. Miaka yote hiyo walikuwa wanamngojea mtu, yeyote, atoke upande wake.

Kaburi lilikuwa tuta dogo lenye bakuli la bati lililotobolewa juu yake. Nilipiga magoti na kung'oa majani kwa mikono, kama baba alivyoniagiza, na machozi yakanitoka kwa wingi ambao sikuutegemea. Nililia kwa sababu ya mama yangu, kwa sababu ya mguu wa baba, kwa sababu ya darasa lile lililocheka. Mama mzee alileta pemba, ule udongo mweupe wa baraka, akanipaka mikono yote miwili na kifuani, kisha akazungumza na tuta kama mtu anayezungumza na jirani mgomvi. Alimwambia kwa Kiluba, na mwanamke mmoja akanigeuzia kwa Kiswahili sikioni: "Mwana yako amefika. Tumemupokea. Sasa usituangalie tena na macho ya mubaya."

Nilipouliza neno la baba, mama mzee alishangaa kwamba naliuliza.

"Mufu yenu iko hapa, halafu munakosa kwa kulima? Baba yako akuye mbele ya mvua. Atakata pori kutoka kwa kaburi mpaka kule kwa ile kichuguu. Kikapu ya kwanza ataleta kwangu. Na majani kwa kichwa ya ule mutu, sasa ni kazi yenu, haina yetu tena."

Wakanipa bukari, ndio ugali, na sombe, majani ya muhogo, na kipande cha samaki mkavu kutoka Kinkondja, kipande cha mgeni wa heshima. Nilikula nikitazama mashamba yao. Muhogo ulikuwa umepandwa ovyo, shina hapa, shina pale, kama watu waliosimama sokoni. Nilitafuta mstari mmoja ulionyooka, mmoja tu, nikakosa. Nikajiambia miaka ishirini ni mingi na kamba huoza. Kitoroli kiliporudi alasiri kunichukua, nilipanda nikiwa mweupe mikono na nimeshiba, na furaha yangu ilikuwa na kipande kigumu katikati kama muhogo usioiva.

Rafiki wa baba alikuwa amerudi. Aliponiona na pemba alicheka, akasema binti wa rafiki yake anafanya kazi upesi kuliko ofisi. Tulikaa kula. Nikamsimulia kila kitu: kitoroli, kijiji, mama mzee, kaburi. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, anatikisa, kisha akaacha kutikisa.

"Ngoya," alisema. "Asubui, wakati munaenda, jua ilikuwa inakuchoma kwa uso ao kwa mugongo?"

"Kwa uso."

Akarudisha tonge lake kwenye sahani. Mke wake akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Mwana, Kasai iko kwenye jua inalalaka. Weye ulienda na ile mustari ya mupya, ya Kabalo. Ile reli haina hata miaka tatu."

Nikamwambia haiwezekani, nilisoma nguzo kwa macho yangu, ishirini na tatu. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyeanguka na bado hajajua kama ameumia. Wakati wao, kutoka Kamina kwenda mbele, reli ilikuwa moja tu. Kikosi chao kilijihesabia chenyewe, kwa nguzo za mti, na ishirini na tatu yao ilikuwa ishirini na tatu ya Kasai. Zile za mti zililiwa na mchwa. Zilipowekwa za saruji, zikahesabu kutoka mbali, kutoka kusini kabisa, tarakimu kubwa kubwa. Leo kama unataka ishirini na tatu karibu na Kamina, utaipata kwenye njia mpya peke yake. Baba yangu, aliyeondoka zamani, hakuona haja ya kusema njia gani. Na kapita alinipeleka hasa mahali nilipomwomba.

"Basi," akasema, na alikuwa hacheki tena, "ulilia kaburi ya nani?"

Niliitazama mikono yangu. Nilitamani kuiosha, na nikaogopa kuiosha, maana nilikwisha kutambulishwa. Watu wale walikuwa wamemwambia mfu wao kwamba mimi ni wake. Ukweli nao ungeanzia wapi? Nirudi, nipige magoti tena, niseme samahani, yule si wangu, endeleeni kumwogopa?

Kesho yake alikuwa na mapumziko, akanipeleka upande wa Kasai. Alichukua tarakimu ya nguzo ya stesheni, akaongeza ishirini na tatu kichwani, tukapanda behewa la mizigo kwa ruhusa ya dereva anayemfahamu, tukashuka penye nguzo aliyoikokotoa. Ilikuwa nyasi. Nyasi ndefu kuliko mimi, vichuguu, na kimya. Kijiji cha wenyeji waliompokea babu kilihamishiwa kando ya barabara kubwa miaka mingi iliyopita, alisema, na wazee wake wamekwisha. Tulizunguka mpaka miguu yangu ikachanika. Hakuna tuta. Hakuna bakuli. Hakuna mtu wa kuuliza hata njia ya kutokea.

Kisha nikajikwaa kwenye nanasi. Lilikuwa dogo, limerudi porini, majani yake makali kama msumeno. Hatua mbili mbele kulikuwa na lingine. Na lingine. Niliyafuata nikiwa nimeinama, nikasukuma nyasi kwa mikono, na yote yalikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kabisa, bila kupinda hata upana wa kidole, mpaka yalipoishia. Rafiki wa baba alisimama mwisho wa mstari, akafumba jicho moja, akapima kama wanavyopima reli.

"Ni yeye," alisema. "Huyu ni mukubwa yetu, hakuna mwingine."

Nilisimama pale nikingojea kulia. Hapa ndipo kwetu, niliwaza, hapa ndipo nilipozaliwa, babu yuko chini mahali fulani, labda chini ya miguu yangu. Hakikuja kitu. Kwenye kaburi la mtu baki nilikuwa nimemwaga machozi ya mwaka mzima, na kwenye ardhi yetu macho yalikuwa makavu, na nilichohisi kwa kweli ni kiu na hasira. Niliukasirikia udongo. Nilimkasirikia babu kwa kushuka njiani. Kama moyo wangu ungekuwa mtoto, ningeuchapa kofi.

"Nimuambie baba nini?" niliuliza.

Alichuma nanasi moja, akalipangusa. "Kama utamuambia kweli, atakuya hapa, ni kichwa ngumu, minyi namujua. Atakuya na ule muguu, atakaa na nani? Na nguruwe ya pori? Hapa hakuna mutu wa kusema ndiyo, hakuna mutu wa kusema hapana." Akanipa nanasi. "Lakini minyi sitakuambia useme uongo. Ni baba yako, haina yangu."

Nanasi lilikuwa chungu. Nililimaliza hata hivyo, kwenye treni ya kurudi Elisabethville, na ganda nikalitupa dirishani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao mlangoni, kofia kichwani.

"Balisema nini?"

"Balikubali, Baba. Balisema ukuye mbele ya mvua."

"Na kaburi?"

"Nimengoa majani."

Kila neno lilikuwa la kweli, na maneno yote pamoja yalikuwa uongo. Nilingoja aniulize. Baba yangu alikuwa mtu wa kuuliza; ukitoka sokoni alitaka kujua nyanya ulizinunua kwa nani na huyo mtu amevaa nini. Siku ile hakuuliza nyumba ni ngapi, hakuuliza ni nani aliyenipokea, hakuuliza muhogo umestawi. Alisema, "Vizuri, mama," akaanza kuhesabu majembe. Usiulizwe ndio uone adhabu. Wiki zile nilimfungulia kinywa mara kumi na mara kumi nikakifunga. Nilimwambia mume wangu, naye akasema atashona mapazia ya nyumba mpya, huo ndio msaada wake.

Tulisafiri mimi na baba mwishoni mwa kiangazi, na majembe manne, godoro, na sanduku la bati. Nilikuwa nimepanga kumwambia Kamina. Kamina nikasema nitamwambia kwa rafiki yake. Rafiki yake akamkumbatia, wakacheka, wakapigana mabega kama vijana, na walipokaa pamoja nje sikusikia walichosema. Asubuhi baba akapanda treni ya Kabalo bila mtu kumwonyesha.

Alikuwa ametumikia reli zaidi ya miaka ishirini. Treni ilipojitenga na njia ya Kasai, pale stesheni inapoisha, aliyageuzia uso makutano yale ya reli, kama yale aliyoyabadili maisha yake yote, akayatazama mpaka yakapotea. Jua likamjia usoni. Nilimwona anavyofumba macho kwa sababu ya mwanga.

"Baba," nilianza.

"Nyamaza kidogo, mama. Nasikiliza reli."

Baada ya muda mrefu akasema tena neno moja tu, "Kokoto ya mupya," kwa sauti ya mtu anayesifu kazi ya mwenzake.

Kijiji chote kilikuwa kinatungoja. Mama mzee alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili mirefu, akampeleka moja kwa moja kaburini, kwa kuwa salamu ya kwanza ni ya mfu. Nilitembea nyuma yao na nilijua kwamba sasa ndio mwisho. Baba alimzika babu kwa mikono yake. Alijua tuta lile lilikaa vipi, lilitazama wapi, kulikuwa na nini pembeni. Angegeuka tu na kuuliza, "Hapa ni wapi?" na ningekuwa nimewadanganya walio hai wote na mfu mmoja.

Alivua kofia. Alisimama akatazama kijiji, akatazama mashamba yale ya muhogo uliotawanyika, akatazama njia tuliyotoka. Alichukua muda mwingi sana. Watu wakaanza kutazamana. Kisha akaweka fimbo chini, akaushika mguu mbovu kwa mkono, akaukunja kwa shida kama mtu anayekunja bati, akapiga magoti. Akang'oa majani. Aling'oa moja moja, mpaka tuta likabaki tupu, na nilipoinama kumsaidia niliona machozi yanadondoka kwenye udongo. Sikujua yalikuwa ya nani. Mpaka leo sijui.

"Tata," alisema kwa Kiluba, akimwita mfu baba, ili wote wasikie, "nimechelewa."

Vigelegele vikapasuka. Mama mzee akampaka pemba mikononi na kifuani. Baba aliinuka kwa kunishika bega, akamgeukia yule mama na kusema wazi wazi:

"Njo hapa. Sikusahau hata kidogo."

Watu walitangulia kwenda kula. Sisi tulibaki nyuma kwa sababu ya mguu wake. Alitembea akiniegemea, mzito, mweupe wa pemba, na akili yangu ilikuwa inazunguka. Je, amezeeka kiasi hicho? Ametazama mahali pasipo pake akapaona pake? Nilimhurumia, nikamshukuru, nikamwogopa, yote kwa pamoja. Tulipofika mbali na masikio ya watu alisimama kuvuta pumzi. Akainamisha kichwa karibu na changu.

"Mama," akaniuliza polepole, "hapa banatekaka mayi wapi?"

Mtu aliyelima mahali miaka minane haulizi hivyo. Nilimtazama, naye akanitazama, bila hasira, akingoja jibu.

Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha njia ya maji.